Noti ya Kweli na Noti Halali

Kabuga imekaa juu ya mgongo wa kilima mashariki mwa Kigali, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara inayokwenda Rwamagana na Kayonza. Kayonza barabara hugawanyika: mkono mmoja unakwenda Kagitumba mpakani na Uganda, mwingine Rusumo mpakani na Tanzania. Leo Kabuga ni sehemu ya sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, na jiji limeshaifikia. Mwishoni mwa 1994, tulipofika sisi, ilikuwa senta ya barabarani: maduka ya safu moja kila upande, mengi yamevunjwa milango, soko la udongo mwekundu, na malori ya trela yaliyotoka Dar es Salaam yakipunguza mwendo ili madereva wanunue ndizi na mahindi ya kuchoma.

Sisi tulitoka Karagwe. Baba alivushwa mpaka akiwa mtoto, familia yake ilipokimbia machafuko yaliyoanza 1959, na sisi wanawe tukazaliwa upande wa Tanzania, tukasomea Kiswahili shuleni na kuzungumza Kinyarwanda jikoni. Tuliingia katika nchi ambayo sikuwahi kuiona, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Walionusurika pale Kabuga na vilima vya jirani hawakuwa wengi, na hawakuwa na hamu ya kusimulia. Waliokuwa wakisema sana ni sisi wageni. Wengine walitoka Uganda na Kiingereza na Kiganda chao, wengine Bujumbura na Kifaransa chao, wengine Masisi na Goma na Kiswahili ambacho mimi niliyelelewa Karagwe nilikisikia kigeni. Kila kundi lilikuja na lugha yake, na mfukoni lilikuwa na noti zake.

Mama aliweka meza sokoni chini ya turubai: sukari, chumvi, sabuni ya mche, mafuta ya taa ya kupima kwa chupa. Kwa wiki za mwanzo alipokea karibu kila kitu. Mtu alilipa kwa shilingi za Uganda, akarudishiwa chenji ya franka za Rwanda na za Burundi. Dereva wa lori alitoa shilingi za Tanzania zenye sura ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na Mama alizipokea kwa furaha kuliko zote kwa sababu alizijua kwa kuzigusa tu. Dola zilipita pia, kwa kuwa Kigali ilijaa watu wa mashirika ya misaada na askari wa Umoja wa Mataifa. Zaire, fedha ya nchi jirani iliyoitwa pia Zaire, hakuipokea hata siku moja. Waliotoka Zaire wenyewe walimwonya asiipokee.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, ndiye aliyemfundisha bei za siku. Alikuwa mvunjaji wa fedha, mmoja wa wale ambao Kigali inawaita abavunjayi: wanaume wenye makoti makubwa, kila mfuko na fedha ya nchi yake. Jioni alikaa nyumbani kupanga mafungu kwenye mkeka, na mimi nilipewa kazi ya kuzigeuza noti zote zitazame upande mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma.

Noti ya Tanzania ilikuwa rahisi kwangu. Ilitaja Benki Kuu ya Tanzania, ikasema kwa Kiswahili safi kwamba ni fedha halali kwa malipo ya kiasi fulani, na chini zikafuata saini mbili, ya Gavana na ya Waziri wa Fedha. Ya Rwanda ilitaja benki yake kwa Kifaransa na Kinyarwanda, na thamani yake: "mille francs". Dola ilijieleza kwa kirefu zaidi. Mjomba, ambaye Kiingereza alikijua cha biashara tu, alinitafsiria maandishi madogo ya kando: noti hii ni fedha halali kwa madeni yote, ya umma na ya binafsi. Na siku moja alikuja na pauni ya Uingereza, ikiwa na maneno yaliyonishangaza kuliko yote. Mkuu wa hazina wa benki, kwa niaba ya benki yenyewe, aliahidi kumlipa mwenye noti, atakapodai, kiasi kile cha pauni.

"Kwa hiyo hii siyo fedha?" nilimuuliza. "Ni ahadi ya fedha?"

"Ilikuwa ahadi," alijibu. "Zamani ulipeleka karatasi, ukapewa dhahabu. Siku hizi ukiipeleka utapewa karatasi nyingine iliyoandikwa maneno yale yale."

Alikuwa sahihi. Benki ya Uingereza iliacha kubadilisha noti zake kwa dhahabu mwaka 1931, na maneno ya ahadi yamebaki mpaka leo. Nilitaka kujua, kama ahadi haina kitu nyuma yake, ni nini basi kinachomfanya muuza mbuzi amtoe mbuzi wake kwa karatasi. Mjomba alisema nimuulize mzee wa butiki, lile duka dogo la jirani.

Mzee huyo alikuwa jirani yetu, mtu aliyekuwa karani katika ofisi za serikali ujanani mwake na hakuwahi kuihama Rwanda. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea ya Karagwe, naye akacheka na kusema huku hakuna shikamoo, lakini alipenda kuisikia. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za 1964. Baada ya Kongo kupata uhuru mwaka 1960, Rwanda na Burundi zilitumia fedha moja, franka iliyotolewa na Banque d'Émission du Rwanda et du Burundi, na ushirika huo uliendelea hata baada ya nchi hizo mbili kupata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mwaka 1964 ulivunjika. Benki Kuu ya Rwanda ilianzishwa Aprili mwaka huo, na noti zake zenyewe zilikuwa hazijachapishwa. Wakachukua zile zile za zamani wakazipiga chapa ya benki mpya. Burundi nao wakazipiga yao.

"Karatasi ile ile," mzee alisema, akinionyesha kwa viganja viwili. "Asubuhi ni fedha ya nchi mbili. Jioni, hii ni ya kwetu, ile ni ya kwao, na ya kwao hainunui chumvi kwetu."

Alinipa na kisa cha pili, ambacho miaka mingi baadaye nilikikuta kikisimuliwa na wanauchumi. Kuanzia 1965 hadi 1971 gavana wa Benki Kuu ya Rwanda alikuwa Mjapani, Masaya Hattori, aliyeletwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Aprili 1966, chini yake, franka ilishushwa: dola moja iliyouzwa rasmi kwa franka 50 ikawa franka 100. Mzee alikumbuka kwamba usiku ule hakuna herufi iliyobadilika kwenye noti yoyote. Mia ilibaki mia. Kilichobadilika ni kile ambacho mia ingeweza kununua ng'ambo. Noti husema idadi, alisema, lakini bei haimo kwenye maandishi yake.

Haya yalikuwa masomo ya jioni tu, mpaka Januari 1995.

Serikali iliyoshindwa vita ilipokimbilia Zaire Julai 1994 ilikuwa imeondoka na fedha za Benki Kuu. Mabunda ya franka yalivuka mpaka Goma na Bukavu pamoja na jeshi lililoshindwa, na pamoja na waliopanga mauaji. Benki Kuu ilipofunguliwa upya Kigali ilikuta hazina tupu. Kila franka iliyobaki kule Zaire ingeweza kurudi sokoni kununua vyakula, mafuta, hata bunduki. Noti zile zilikuwa za kweli kwa kila hali: zilichapishwa na mchapishaji halali, zikawa na saini halali na kivuli kinachoonekana ukizielekeza kwenye mwanga. Mbunge wa zamani aliyekimbilia Goma na muuza vitunguu wa Kabuga walikuwa na karatasi zisizotofautiana.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Noti haikumbuki ilipita mikono gani. Hiyo ndiyo faida yake siku zote: anayeishika ndiye mwenyewe, na muuzaji haulizi umeipata wapi. Wajerumani, waliokuwa na Rwanda katika Afrika Mashariki yao mpaka Wabelgiji walipoingia 1916, waliliandika jambo hilo waziwazi kwenye noti zao za rupia: kwamba Deutsch-Ostafrikanische Bank itamlipa anayeileta noti bila kuchunguza yeye ni nani. Noti nyingine hazisemi hivyo, lakini zote hufanya kazi hivyo. Sasa serikali mpya ya Rwanda ilitaka kuua fedha iliyoibwa na kuiacha hai fedha ya muuza vitunguu, na hakuna macho wala mashine ambayo ingezitenganisha.

Njia ilikuwa moja. Mwanzoni mwa Januari 1995 ilitangazwa kwamba noti za zamani zinaondolewa, na zinaingia mpya za 500, 1,000 na 5,000 zenye tarehe ya 1 Desemba 1994. Aliyekuwa ndani ya nchi alizipeleka za zamani benki akapewa mpya, katika muda mfupi uliowekwa. Aliyekuwa nje na mabunda yake alibaki nayo. Fedha, ambayo kazi yake ni kutouliza mtu ni nani, kwa siku chache iliuliza: wewe ni nani, na uko wapi?

Nakumbuka redio ya jirani ikirudia tangazo kwa Kinyarwanda na Kifaransa, na watu wakisimama mlangoni pa butiki wakisikiliza hata kile walichokwisha kusikia. Soko la Kabuga lilibadilika kwa saa chache. Waliokuwa na noti za zamani walitaka kununua chochote, hata vitu wasivyovihitaji. Waliokuwa na bidhaa walianza kusema zimekwisha, wakati magunia yanaonekana nyuma yao. Mama aliuza sabuni mpaka adhuhuri, kisha akafunika meza kwa turubai, akafunga fedha zote ndani ya kanga, akapanda twegerane, basi dogo la abiria, kwenda mjini kupanga foleni. Mjomba alikuwa ameshaondoka alfajiri. Kwa mvunjaji wa fedha, tangazo kama lile ni msiba au mavuno, inategemea kulikuwa na nini mfukoni usiku uliotangulia. Yeye alilala na shilingi za Uganda.

Mzee wa butiki ndiye aliyenishughulisha. Wakati wa vita alikuwa amezika akiba yake ukutani, nyuma ya tofali, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilikuwepo alipolitoa. Noti zilikuwa zimelowa na kushikana, na baadhi zilichanika alipozitenganisha. Alikaa kizingitini akiziunganisha, nusu kwa nusu, akitazama namba za pande mbili zikubaliane. Alipokwenda benki walimpokelea zile ambazo namba zilikubaliana, na wakamrudishia zilizobaki. Hakulalamika. Aliniambia kwamba ile iliyochanika ikapokelewa ilikuwa na afya kuliko mabunda mazima ya Goma.

Siku zilizofuata nilitazama jinsi noti mpya zilivyopata nguvu, na hilo halikutoka kwenye redio peke yake. Mkusanya ushuru wa soko alikataa kitu kingine chochote isipokuwa hizo mpya. Walimu waliolipwa walilipwa kwa hizo. Ada na vibali vilidaiwa kwa hizo. Ndani ya mwezi, dereva wa lori aliyetoa shilingi aliambiwa akavunje kwanza. Soko lililokuwa likila fedha za nchi nyingi likajifunza tena kula ya nchi moja, kwa kuwa kila mtu alijua kuna siku atadaiwa na serikali, na serikali inapokea hii tu.

Jioni hizo nyumba yetu ilijaa visa vya karatasi zilizokufa kwingineko, maana kila aliyerudi alikuwa na cha kwake. Jirani aliyetoka Kampala alisimulia Mei 1987, serikali ya Rais Museveni ilipoondoa sufuri mbili: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo wakakata kodi ya kubadilishia ya asilimia 30. Alikuwa na fedha za ng'ombe watatu, akatoka benki na za wawili. Kabla ya hapo aliona noti zenye sura ya Idi Amin zikifutwa baada ya Amin kukimbia 1979. Kwa maoni yake kuweka sura ya mtawala kwenye noti ni kuiwekea noti umri wa mtawala.

Wa Zaire ndio waliotushinda wote. Desemba 1992 serikali ya Rais Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni tano. Étienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyekuwa akigombana na Mobutu, akatangaza kwamba si halali, na wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa. Januari 1993 askari walilipwa mshahara kwa noti hizo, wakaenda dukani, wakaambiwa hazipokelewi. Wakaasi. Katika ghasia hizo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi. Mwaka huo huo, Oktoba 1993, Mobutu alileta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mikoa miwili ya Kasai ikaikataa. Watu wa Kasai waliendelea kutumia zaire za zamani, zilizokwisha kufutwa na serikali, zikizidi kuchakaa mwaka hadi mwaka. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiziongeza kwa kuchapisha nyingine, zilishikilia thamani kuliko zile mpya zilizokuwa zikimwagwa Kinshasa.

Ukiviweka visa hivyo viwili pamoja unapata jibu la swali langu la utotoni. Kinshasa noti ilikuwa na saini, rais na mitambo ya kuchapa, ikafia mkononi mwa askari kwa sababu duka lilisema hapana. Kasai noti haikuwa na serikali yoyote nyuma yake, ikaishi kwa sababu duka lilisema ndiyo. Sheria inaweza kuzaa noti. Kuilea ni kazi ya soko. Serikali yenye akili hujua hivyo, ndiyo maana haitegemei maandishi. Hudai kodi kwa noti yake, hulipa mishahara kwa noti yake, na haichapishi kupita kiasi. Kabuga 1995 vitu hivyo vilikutana, na watu waliochoka na kila kitu wakaziamini karatasi mpya haraka kuliko nilivyotarajia.

Kisha ikaja Desemba 1996. Wakimbizi waliokuwa kambini Ngara, upande wa Tanzania, walirudishwa kwa wingi kupitia Rusumo, na kwa siku kadhaa barabara yetu ilijaa watu wenye mabunda vichwani na watoto mgongoni, na malori yaliyobeba waliochoka kutembea. Mwanamke mmoja wa makamo aliacha msafara akaja kwenye meza ya Mama kuomba chumvi na sabuni. Akafungua pindo la kitenge, akatoa noti ya 5,000 ya zamani, imekunjwa mara nane.

Mama aliishika, akaielekeza juani kwa mazoea. Kivuli kilikuwepo. Namba zilikuwepo. Akamrudishia.

"Haifanyi kazi tena, mama," alimwambia kwa Kinyarwanda. "Tangu mwaka jana."

Yule mwanamke alisema alisikia habari hizo kambini. Alidhani labda ni kwa wale wakubwa tu.

Sijui alikuwa nani wala alitoka upande gani wa mambo yaliyotokea, na Mama hakumuuliza. Mama alimpimia chumvi bila malipo, kijiko kimoja, na kipande cha sabuni, akamwambia aiweke ile noti asiitupe, mtu wa makumbusho ataitaka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza, na ndipo nilipoelewa tofauti ambayo mjomba alikuwa akiizungukia. Noti ile ilikuwa ya kweli. Haikuwa halali. Kweli ya noti ni habari ya mchapishaji, karatasi na wino, na inaweza kukaa miaka 100. Uhalali wake ni habari ya watu wanaoishi sasa, na huweza kwisha kwa tangazo moja la jioni.

Tangu hapo nimeziona noti za Rwanda zikibadilika mara nyingi bila msiba. Noti ya 100, ambayo watoto wa Kabuga tulitumwa nayo dukani, ilipewa mrithi wa sarafu ya rangi mbili mwaka 2008, na uhalali wake ukakoma tarehe 31 Desemba 2009. Noti ya 2,000 iliingia Desemba 2007. Mwaka 2013 ilitoka 500 mpya yenye ng'ombe upande mmoja na wanafunzi wenye kompyuta upande wa pili, nayo ikawa ya rangi inayokaribiana na ya 1,000. Gizani, abiria wa pikipiki walikuwa wakitoa moja badala ya nyingine, na mwaka 2019 ikabadilishwa rangi. Jambo hilo lina somo lake: wengi wetu hatuisomi noti, tunaitambua. Rangi, ukubwa na picha hufanya kazi ambayo maandishi yanadhaniwa kuifanya.

Maandishi yenyewe yamefuata siasa za lugha. Noti za utoto wangu zilikuwa za Kifaransa na Kinyarwanda. Baadaye Kiingereza kiliongezwa, na katika toleo la 2014 la 2,000 na 5,000 Kifaransa kikaondolewa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini noti haijakitambua, ingawa Kabuga mpaka leo dereva wa Dar es Salaam na mvunjaji wa fedha hupatana bei kwa Kiswahili. Mwishoni mwa Agosti 2024 zilitoka 2,000 na 5,000 nyingine. Hii ya 5,000 ina jengo la mikutano la Kigali, ile ya 2,000 ina Ziwa Kivu na vilima vyake. Zilitangulizwa na tangazo kwamba za zamani zinaendelea kuwa halali sambamba nazo. Nilipolisikia, nilipiga simu kwa Mama kabla hajaanza kufunga fedha kwenye kanga. Alicheka. Alisema fedha zake ziko kwenye simu siku hizi.

Na huko kwenye simu hakuna maandishi ya benki wala saini ya gavana. Kampuni ya simu ya MTN ilianzisha huduma yake ya fedha za simu Rwanda mwaka 2010, na leo muuza nyanya wa Kabuga ana namba ya kulipia iliyobandikwa kwenye kibao. Malipo yake ni ujumbe mfupi: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Tazama kilichorudi: lile swali la wewe ni nani. Fedha hii inajua jina lako, inajua aliyekutumia, inajua saa. Ile ya karatasi, isiyochunguza anayeileta ni nani, inazidi kubaki kwa nauli, sadaka na wazee.

Mjomba aliacha kuvunja fedha barabarani muda mrefu uliopita, lakini ukimpelekea dola ya zamani bado ataipindua kwa vidole viwili. Marekani haijafuta noti yoyote iliyotolewa na serikali yake tangu 1861. Kisheria zote ni hai. Hata hivyo wavunjaji wa Kigali, Goma na Kampala watakukata bei kwa dola ya toleo la zamani, au watakurudishia ikiwa imechanika pembe au imepigwa muhuri. Hapo noti ni halali kwa mtoaji na haina kazi kwa mpokeaji, kinyume kabisa cha Kasai. Mvunjaji hajali sheria ya Washington inasemaje. Anajali kama mtu wa pili ataipokea kwake.

Nimeeleza haya kwa sababu bado wapo wazee wetu, kuanzia Kabuga hadi Bukoba na Bungoma, wanaoweka akiba ukutani na chini ya godoro wakiamini kwamba noti ya kweli haiwezi kufa. Kenya ilitangaza noti mpya tarehe 1 Juni 2019, na ilipofika 1 Oktoba mwaka huo elfu moja ya zamani haikuwa fedha tena. Tanzania iliwapa watu kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kurudisha noti zake zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010. Waliochelewa walibaki na karatasi nzuri yenye saini za kweli. Tarehe ya kuzaliwa kwa noti mara nyingi huandikwa juu yake; ya kufutwa kwake hutangazwa redioni na kwenye gazeti la serikali. Kama una mzazi anayeficha fedha nyumbani, mtembelee wiki hii, kaa naye, muombe akuonyeshe, na zile za zamani uzipeleke benki kabla hujasikia tangazo.